Saa za London Mjini Oujda

Kila Alhamisi asubuhi Si Lahbib Bouterfas (kwetu “Si” ni Bwana) alituma karatasi yake. Tuliiita karatasi kwa mazoea tu, kwa sababu mwanzoni, miaka kumi na tisa iliyopita, aliichapa na kuibandika kwenye mlango wa ofisi yake hapa chuoni. Baadaye ikawa ukurasa mmoja wa baruapepe uliokwenda kwa watu mia nne na kumi na wawili wa Oujda, Berkane, Jerada na Taourirt: makarani wa manispaa, walimu, wauza dawa, na mafundi wa kompyuta wa zile ofisi ambazo fundi ni mmoja, na huyohuyo ndiye anayebadilisha balbu.

Ndani yake hamkuwa na mengi. Habari moja au mbili: toleo fulani la Windows litaacha kupokea masasisho mwezi fulani, jiandaeni mapema, msije mkalia. Kisha ushauri. Bonyeza kitufe chenye picha ya dirisha pamoja na herufi V, utaona yote uliyonakili, si la mwisho peke yake. Usizime mashine kwa nguvu inapojisasisha, hata kama umechelewa kwenda kula. Mashine haijui kuwa una njaa. Aliandika kama anavyozungumza, na watu walimsoma kwa sababu hiyo.

Mimi nafanya kazi kwenye maktaba ya chuo hichohicho. Kila Jumatano aliniletea rasimu niipitie, maana nukta za herufi za Kiarabu zilimponyoka. Alizaliwa Jerada, mtoto wa mchimba makaa, na shule aliiacha mapema. Alikuja Oujda akiwa kijana, akatengeneza taipureta za ofisi za serikali. Taipureta zilipokwisha, alifungua kompyuta yake ya kwanza kwa bisibisi ileile. "Kila ninachokijua, binti yangu," aliniambia siku moja, "nilianza kwa kukiharibu."

Ndiyo maana alikuwa na sheria moja. Ushauri hautoki mpaka aujaribu mwenyewe, kwenye kompyuta kuukuu iliyokaa chini ya meza yake. Aliiita Hajja. Kila alichotaka kuwaambia watu, Hajja alitangulia kukipata. Alimjaza virusi, akamkatia umeme katikati ya kazi, akampeleka mbele miaka mitano kwa kalenda yake na kumrudisha. Mafundi wenzake walimtania kwamba hakuna mwanamke mwingine Oujda aliyevumilia mengi namna hiyo, na yeye, aliyefiwa na mke zamani, alicheka nao.

Ramadhani ikikaribia, nchi yetu hurudisha saa nyuma kwa saa moja, na baada ya Iddi tunaisogeza mbele tena. Mashine zilizo kwenye mtandao hupata habari hiyo zenyewe. Zile kuukuu, zisizounganishwa popote, hazina wa kuziambia. Kwa hizo Si Lahbib alirudia ushauri uleule kila mwaka: msisogeze saa kwa mkono, maana mtavuruga kumbukumbu zenu. Badilisheni ukanda wa saa. Chagueni Monrovia, ambako saa ni ya Greenwich kama yetu ya Ramadhani, na haiguswi mwaka mzima. Iddi ikipita, rudini Casablanca.

Mwaka ule karani mmoja wa Taourirt alimpigia simu. Nilikuwepo, na Si Lahbib hupenda kuongea kwa sauti ya nje ili mikono yake ibaki huru.

"Si Lahbib, hiyo Monrovia yako umeificha wapi? Nimeshuka orodha nzima, naona miji ya watu wote, yako siioni."

"Ipo. Vaa miwani."

"Miwani nimevaa hadi pua inauma. Nipe mji ninaoujua bwana! Mji ambao hata mama yangu anaujua."

Basi akaandika London. Saa ya Greenwich ni yao, na hakuna asiyeiona London kwenye orodha. Hakujaribu. Kifaa cha umeme cha Hajja kilikuwa kimeungua wiki mbili kabla, na kipya kilikuwa hakijafika kutoka Casablanca. Mimi niliisoma rasimu ile Jumatano, nikasahihisha herufi mbili, nikamrudishia.

London husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi. Mwaka ule Jumapili hiyo iliangukia siku ya ishirini ya mfungo.

*

Kuna kituo kimoja cha kusafisha damu mjini kwetu, ambacho sitakitaja jina. Asubuhi wauguzi hupokea wagonjwa wa figo wenyewe, kwa daftari. Mchana hufunguliwa meza ya mapokezi, na hapo alikaa msichana aitwaye Ghizlane, mwenye kompyuta kuukuu ambayo haikuunganishwa na mtandao wowote. Programu ya kompyuta hiyo ilipanga wagonjwa kwenye viti. Mgonjwa asipofika nusu saa baada ya wakati wake, ilimwandika kuwa hayupo na kumpa kiti anayesubiri.

Ghizlane alikuwa msomaji wa karatasi ya Alhamisi kwa miaka mitatu. Hakuna aliyemwambia aishughulikie kompyuta ile, lakini pia hakuna mwingine aliyeishughulikia. Kabla ya Ramadhani alichapa ushauri wa Si Lahbib, akaubandika pembeni ya skrini, akaufuata hatua kwa hatua. Ukutani nyuma yake kulikuwa na saa kubwa ya duara ambayo hakuna aliyejisumbua kuirudisha nyuma. Kwa wiki tatu saa ya ukutani ilitangulia na ya kompyuta ilikuwa sawa, na kila mtu pale alijua hivyo, wala hapakuwa na tatizo.

Jumatatu ya siku ya ishirini na moja aliingia kazini, akaacha simu kwenye kabati kama sheria ya kituo inavyotaka, akakaa. Kompyuta ilisema amechelewa saa nzima. Akageuka kutazama ukutani. Ukuta nao ulisema vilevile. Alidhani hatimaye kuna mtu ameirekebisha saa ya ukutani. Simu zetu hapa mpakani hunasa mnara wa upande wa pili wa mpaka na kubadilika zenyewe, hivyo simu yake ndiyo aliyoishuku. Alikuwa na njaa na aibu. Hakumuuliza mtu, kwa sababu kuuliza kungekuwa kukiri kwamba amechelewa. Akaanza kazi kwa haraka ili afidie.

Saa nane mchana kasoro dakika kumi, kwa saa ya kweli, akaingia Haj Belkheir, mzee wa Jerada, mwenye zamu ya saa nane. Wagonjwa wa mjini hufika mapema mno, kwa hiyo wao hawakuguswa. Haj Belkheir alitegemea teksi ya pamoja, na hufika wakati wake, si kabla.

"Haj, umechelewa," Ghizlane akamwambia. "Kiti chako kimekwenda."

"Nimechelewa? Mimi nimewahi!" Akamwonyesha saa ya mkononi.

"Haj wangu, tazama ukutani. Tazama hapa. Hiyo yako imechoka."

"Imechoka kama mwenyewe," akasema mzee. Ghizlane alimvutia kiti chake mwenyewe akae, akamtafutia nafasi ya kesho asubuhi, akamwandikia kwenye kikaratasi. Mzee akarudi Jerada.

Adhana ya alasiri ndiyo iliyowafumbua macho. Kwa kompyuta ile ilikuja saa nzima baada ya wakati wake, na muuguzi mkuu akasimama katikati ya ukumbi akiwa na glavu mkononi, akauliza, "Hivi leo saa ngapi?" Wakapiga simu Jerada. Hakupokea mtu. Jioni ile, baada ya kufuturu kwa maji na tende mbili, Haj Belkheir alishindwa kupumua. Maji yalikuwa yamejaa kwenye mapafu. Walimfikisha hospitali akiwa hai.

*

Siku ya pili Ghizlane alimpigia Si Lahbib. Nilikuwa nimemletea kitabu alichokiomba, na simu ilikuwa kwenye sauti ya nje kama kawaida.

"Ammi Lahbib, mimi ni Ghizlane, wa kituo cha figo. Hunijui, lakini mimi nakusoma."

"Nakujua. Uliwahi kuniuliza habari za printa inayokula karatasi."

"Ndiyo. Ammi, wamenisimamisha kazi. Wanasema nilichezea saa ya mashine. Alhamisi saa tano nakaa mbele ya daktari mkuu, na ameshasema kuwa nitaondoka." Akaeleza yote, mpaka hospitali. Mwisho akasema, "Nimesoma ushauri wako tena na tena. Sioni nilipokosea. Niambie tu nilipokosea, ili nijue."

Si Lahbib alikuwa ameshafungua kompyuta yake. Alisogeza tarehe hadi usiku wa Jumamosi iliyopita, akaweka London, akasubiri. Saa ikafika, ikaruka.

"Hukukosea popote," akasema. "Ni mimi."

Upande wa pili msichana akaanza kulia. Si Lahbib akabaki naye kwenye simu mpaka yule alipokata mwenyewe.

Nilidhani ataanza na kuomba radhi. Alianza na orodha. Kati ya wale mia nne na kumi na wawili alijua kwa kumbukumbu nani wana mashine kuukuu, akapata ofisi thelathini na sita, akazipigia moja moja. Duka la dawa, maabara, shule mbili, ghala la chanjo la Berkane. "Acha London. Monrovia. Ndiyo, ipo, iko chini kidogo, nakusubiri." Wengine walikuwa wameshagundua Jumatatu na kurudisha saa kwa mkono, na hao aliwaeleza upya kwa utaratibu. Karani wa Taourirt ndiye pekee aliyejaribu kumfariji.

"Si Lahbib, kwangu haikuleta madhara. Tulitoka kazini saa nzima mapema, tukafurahi."

"Kwako hapakuwa na mgonjwa," akamjibu, akaenda kwenye jina linalofuata.

Jumatano alikwenda hospitali, nami nikaenda naye kwa sababu aliniomba. Haj Belkheir alikuwa ameinuliwa kwenye mito, mweupe kama shuka, na bintiye amesimama dirishani ametupa mgongo. Si Lahbib alisema jina lake, akasema yeye ni mtoto wa nani wa Jerada, akasema ushauri ulioihamisha kompyuta ya kituo kwenye saa za London ulikuwa wake na hakuujaribu. Alisema akiwa amesimama.

Mzee akamtazama. "London?"

"London, Haj."

"Mimi ubalozi ulininyima viza mara mbili. Kumbe wewe unawapeleka watu bure." Akakohoa, akashika kifua. Alipotulia, hakuwa anatania tena. "Nilidhani nakufa. Unaelewa? Nilikuwa nataja majina ya watoto nisije nikamsahau mmoja."

"Naelewa."

"Huelewi. Lakini umekuja." Akafumba macho. "Na yule msichana?"

"Kesho wanamfukuza."

Binti yake akageuka kutoka dirishani. "Baba, usiwatetee. Wote walikuangalia ukirudi barabarani."

"Yule hakuniangalia. Yule alinipa kiti chake, akabaki amesimama," mzee akasema. "Andika hivyo wewe unayejua kuandika." Aliniambia mimi. Nikaandika, na akatia sahihi kwa mkono uliokuwa na sindano.

*

Mkuu wa chuo, Bi Naziha, alimwita Si Lahbib alasiri ileile. Alikuwa ameona rasimu ya karatasi ya kesho, kwa sababu Si Lahbib mwenyewe alimpelekea. Rasimu ilikuwa fupi. Ilisema: "Wiki nne zilizopita niliwaambia mchague London. Sikujaribu kabla ya kuwaambia. Mgonjwa mmoja ameumia, na mfanyakazi mmoja aliyenitii kwa usahihi anaadhibiwa badala yangu."

"Si Lahbib, kaa," Bi Naziha akasema. "Wewe na mimi tumetoka mbali. Hilo neno sikujaribu, litoe. Andika inashauriwa kutumia Monrovia. Watu watabadilisha, mambo yataisha."

"Na yule msichana?"

"Si mfanyakazi wetu. Familia ya mgonjwa ikienda mahakamani, karatasi yako inatoka na anwani ya chuo. Unanielewa? Ya chuo, si ya kwako."

"London pia ilitoka na anwani ya chuo, Lalla Naziha."

"Ukiituma hivyo, itakuwa ya mwisho kutoka hapa. Nitalazimika."

"Najua," akasema. Hakusema kwa ujeuri. Alisema kama mtu aliyekuwa ameshapita hapo kabla yake.

Alhamisi saa nne aliituma. Haikufika saa tano, anwani yake ikafungwa isiweze kutuma kwa watu wengi, na hadi leo ninapoandika, miezi saba baadaye, haijafunguliwa. Majibu kumi na sita yalikuwa yameshaingia. Tisa yalimwombea dua. Sita yaliomba kuondolewa kwenye orodha. Fundi mmoja wa Berkane aliandika, "Miaka kumi nimewaambia wakubwa wangu kwamba wewe hukosei. Sasa nitawaambia nini?" Hilo alilisoma mara mbili, akafunga kompyuta, tukaenda kituoni.

Hatukualikwa. Daktari mkuu, Daktari Ouali, alituacha tusimame mlangoni kwanza, kisha akaona sahihi ya Haj Belkheir, akaturuhusu tuketi. Ghizlane alikuwa amekaa peke yake upande mmoja wa meza, ngozi ya midomo imekauka, mikono juu ya begi.

"Nimesoma mlichoandika," daktari akasema. "Lakini karatasi haina mikono. Aliyegusa mipangilio ya mashine ya wagonjwa bila ruhusa ni huyu."

"Mwaka jana nani aligusa?" Ghizlane akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Mwaka juzi? Ni mimi. Mliniletea vitamutamu vya chebakia mkaniita injinia."

Mmoja wa watu wa utawala waliokaa kando ya daktari alitaka kucheka, akajizuia.

Si Lahbib akaomba aseme. "Daktari, wewe ukiandika dawa, muuguzi akaitoa kama ulivyoandika, na dawa ikawa siyo yenyewe, unamfukuza muuguzi?"

"Wewe si daktari."

"Hapana. Lakini watu walinitii kana kwamba ni daktari, na mimi niliacha wanitii. Huyu alifanya kila hatua kama nilivyoiandika, na kwa kuwa hakukosea hata moja, ndiyo maana mgonjwa aliumia. Angekuwa mzembe, mashine ingebaki Casablanca na mngegundua siku ya kwanza."

Daktari akaniuliza mimi ni nani. Nilisema kwamba mimi husoma rasimu kabla haijatoka, kwamba niliisoma ile pia, na sikuuliza kama imejaribiwa. Nilisema hayo tu, nikaketi, na masikio yangu yakawaka moto mpaka mwisho.

Walitutoa nje dakika ishirini. Kisha wakamwita Ghizlane peke yake. Alipotoka alikuwa na barua mkononi. Hakufukuzwa. Siku zile za kusimamishwa zilifutwa, lakini barua ya onyo ingebaki kwenye faili lake miaka miwili, na kuanzia siku hiyo hakuna mfanyakazi wa mapokezi atakayegusa mipangilio ya mashine yoyote. Kampuni ingeletwa.

Tulishuka ngazi pamoja. Si Lahbib alishuka polepole, akishika ukuta. Nilingoja Ghizlane amshukuru, kisha nikaona haya kwa kungoja.

"Ammi Lahbib," akasema tulipofika chini, "Haj Belkheir ana umri wa baba yangu. Jumatatu usiku sikulala. Nilikuwa nasema, nimemuua mtu kwa sababu ya saa."

"Mimi ndiye—"

"Najua ni wewe. Lakini ni mimi niliyemtazama usoni nikamwambia saa yake imechoka." Alifuta uso kwa kiganja. "Karatasi yako nimeibandua."

"Umefanya vizuri."

Tukasimama. Mlango wa kituo ulifunguka na kufungwa, wagonjwa wa mchana walikuwa wameanza kuingia. Alikuwa na dakika chache kabla ya kurudi kwenye meza yake.

"Iddi ni wiki ijayo," akasema. "Ikipita, saa itasogezwa mbele tena. Hiyo kampuni yao simjui mtu watakayemtuma, na sitaruhusiwa kugusa. Nitajuaje kama wameweka sawa?"

Si Lahbib akamgeukia.

"Usichukue kwa sababu nimesema mimi," akasema. "Mwambie atakayekuja afanye mbele yako, kwenye mashine nyingine ya aina ileile, si hiyo ya wagonjwa. Asogeze tarehe mpaka siku ya kubadilisha saa. Aipitishe. Mwone inafanya nini kwa macho yenu. Halafu aendelee mbele mpaka mwisho wa mwaka, akipita kila siku ambayo nchi yoyote hubadilisha saa. Kila mtakachokiona, andika, na tarehe, na jina lake na lako."

"Akikataa?"

"Basi mwulize mbele ya daktari kama amejaribu. Swali hilo tu. Hakuna aliyeniuliza mimi."

Ghizlane alitafuta karatasi kwenye begi, hakupata. Akaigeuza barua ya onyo, akaiegemeza ukutani, akafungua kalamu.

"Sema tena," akasema. "Polepole. Kwenye mashine nyingine, halafu?"